Salamu Iliyotiwa Unga

Mke wangu alirudi miaka michache baada ya kumzika, akiwa kwenye pakiti ya unga wa ulezi. Nilikutana naye Kasesya, dukani, kwenye rafu ya katikati, kati ya mafuta ya kula na sabuni za miche.

Nilikuwa nimekwenda upande ule wa mpakani kupiga picha za harusi. Kazi ilipoisha niliingia dukani kununua maji huku bodaboda akinisubiri nje, malori yamejipanga barabarani yakingoja forodha. Nikanyoosha kidole ili nioneshe chupa ninayoitaka, na kidole kikabaki hewani. Pale kwenye rafu alikuwa amechuchumaa, na kitenge chake cha kijani, kichwa kimeinama kidogo, na lile tabasamu la mtu aliyefika salama kutoka safari. Wala hakuwa mmoja. Walikuwa wengi, wamepangwa safu, wote wananitazama.

"Mzee, vipi?" aliuliza muuza duka. "Unataka unga?"

"Huyo ni mke wangu," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, maana alijua nimetoka harusini. Nikanunua pakiti moja, nikaitia ndani ya jaketi, nikafunga zipu hadi shingoni. Njia nzima ya kurudi Sumbawanga upepo ulikuwa unanichapa usoni, na mimi nimemkumbatia kifuani, nalia na kutukana kwa zamu. Bodaboda aliniuliza mara mbili kama tusimame kidogo, nikamwambia aangalie barabara.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo hapa mjini, ya picha za pasipoti, komunyo ya kwanza, kipaimara na harusi. Nina hasira za karibu, hilo silifichi, na wateja wangu wananijua. Mtu akiniambia "piga tu yoyote, mradi itoke", namwonesha mlango. Nimeishi kwa kutazama mwanga unavyokaa kwenye uso wa mtu, na mke wangu alikuwa akinitania kwamba nilimchumbia kwa sababu ya paji lake la uso. Nilikuwa namjibu kwamba ni kweli, na kwamba mengine yaliyobaki niliyakuta humohumo.

Picha ile ya kwenye pakiti niliipiga Mpui, nyumbani kwa wazazi wake, baada ya mavuno. Ulikuwa msimu wa baridi kali, ule ambao asubuhi mtu hatoki nje bila blanketi mabegani, na moshi wa jikoni ulikuwa unatambaa chini kwa chini uani. Mke wangu hakuwa amefika kwao kwa muda mrefu. Mimi nilitangulia kuingia uani na kamera shingoni, nikageuka kumsubiri. Akaingia, akamwona mama yake amesimama nyuma yangu kwenye mlango wa jikoni, akaweka mkoba chini palepale, akachuchumaa, akaanza kumsalimia.

Kwetu Ufipa mtu unayemheshimu humsalimii kwa kumpungia mkono kutoka mbali. Unachuchumaa, unakunja viganja kidogo kama unataka kuteka maji kisimani, unavipiga taratibu, na sauti inayotoka ni nzito na ya chini, huku maneno ya salamu yanafuata. Naye anayesalimiwa anaitikia vilevile. Wageni wakiona wanadhani tunashangilia kitu. Mimi nilibonyeza kabla viganja havijakutana, na picha ikamkuta viganja vyake viko wazi, vimeelekea juu kidogo, vitupu, na uso wake wote umejaa mama yake.

Alipofariki nikaitafuta picha hiyohiyo. Ugonjwa wake haukuchukua muda mrefu, na mpaka leo siwezi kuusimulia bila kugombana na mtu, kwa hiyo nauacha. Baada ya kuanua matanga niliiweka ile picha mtandaoni na maneno machache ya kumuaga. Ndugu wakaisambaza kwa mapenzi. Marafiki wa ndugu wakaisambaza kwa kutupa pole. Kisha watu wasiotujua wakaisambaza kwa sababu ni nzuri tu, na mahali fulani njiani yale maneno ya kuaga yakadondoka, ikabaki picha peke yake. Hivyo ndivyo ilivyofika kwa watu wa unga.

Mtengenezaji wao wa matangazo, sijui alikaa mji gani, aliona viganja vitupu akadhani vinangoja kitu. Akavijaza unga. Aliuchora vizuri, siwezi kumnyima sifa yake, ukarundikana kama kichuguu kidogo na vumbi lake linaruka. Mke wangu akawa anatabasamu akimwonesha kila mpita njia unga ambao hakuwahi kuushika.

Nilipiga simu namba iliyoandikwa nyuma ya pakiti. Aliyepokea aliniambia kwa upole kwamba picha waliitoa mtandaoni, na kitu kikishafika mtandaoni ni cha wote.

"Tena mzee wangu ungefurahi," akaongeza. "Mama amekuwa maarufu."

Nilimjibu maneno ambayo baadaye ilibidi niyapeleke kwa padri kwenye kitubio.

Mwanasheria mmoja niliyewahi kumpigia picha za harusi ya binti yake alinieleza jinsi mambo yalivyo. Picha ni mali ya aliyeipiga, alisema, na sheria ya hakimiliki ipo. Lakini kuidai haki hiyo ni safari nyingine: kesi mji wa mbali, mawakili, tarehe zinazosogezwa, na mimi nina studio ya kufungua kila asubuhi. Wasanii wadogo wengi hukata tamaa hapo, akasema, na wanaochukua kazi zao wanalijua hilo vizuri. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akaniambia wapo wabunge, wajumbe wa kamati, wanaopita mikoani kusikiliza maoni ya wasanii kwa sababu kuna nia ya kuitazama upya sheria hiyo, na kwamba watafika na kwetu.

Wapiga picha wa mjini tukakutana nyuma ya studio yangu. Kila mmoja alikuwa na kidonda chake. Mmoja picha zake za maporomoko zilikuwa kwenye kalenda za watu, mwingine picha za maharusi wake zilikuwa ukutani kwenye saluni za mikoa mingine. Wakanichagua mimi nikaseme kwa niaba yao. Walisema ni kwa sababu ya msiba wangu, lakini najua ni kwa sababu nina kelele.

Kabla ya siku hiyo niliona ni vyema nimwambie mama mkwe. Nilikuwa naogopa. Mimi na yeye, kama ilivyo kwa wakwe wengi wa kwetu, tulikuwa tumeheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Nikiwa na neno nilimwambia mke wangu, naye anampelekea mama yake, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingi limetiwa chumvi njiani. Mke wangu alipoondoka, tukabaki watu wawili tunaopendana ambao hatujui kuzungumza. Nikienda Mpui tulikuwa tunaulizana habari za mahindi, kisha tunatazama barabara.

Nikamkuta jikoni. Nikachuchumaa mlangoni nikapiga makofi, akaitikia, akanipa kigoda. Macho yangu yalipozoea giza la ndani nikaona pakiti. Ilikuwa kwenye kishubaka cha udongo ukutani, juu ya mafiga, imekaa wima na imeelekezwa kwenye moto kama mtu anayeota.

"Mama," nikasema, "nimekuja na neno gumu. Picha ya marehemu imeibwa."

Akaitazama ile pakiti, akanitazama mimi.

"Imeibwa vipi, baba, mbona hii hapa?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu wale watu, simu, mwanasheria, wabunge wanaokuja. Nikamwambia nitawaomba waheshimiwa waweke sheria kali ili picha kama hizi ziondolewe madukani mara moja. Nilikuwa najieleza kwa moto, nikitegemea atapandwa na hasira kuliko mimi. Yeye alikuwa anachochea kuni.

"Wamwondoe aende wapi?" akauliza.

Nikaitazama tena pakiti.

"Ukutani pale sebuleni ninayo picha yake uliyoniletea," akaendelea. "Ile nimeiwekea maua, ni ya marehemu. Nikiingia naipita nikiwa nimeinamisha kichwa. Huyu hapa yuko jikoni. Asubuhi nikiwasha moto ananisalimia, namwitikia, siku inaanza."

Kisha akafanya hivyo mbele yangu. Alichuchumaa kwa shida, magoti yake si ya ujana tena, akakunja viganja akapiga taratibu kuelekea ile pakiti, akamwitikia binti yake kwa Kifipa neno kwa neno. Nilisikia baadaye kwamba si yeye peke yake. Wanawake wazee wa Mpui wakifika dukani na kumwona vile alivyochuchumaa, mikono yao hujibu yenyewe kabla akili haijawaambia ni karatasi. Vijana huwacheka, nao hucheka pia, lakini wakirudi kesho wanaitikia tena. Mtu amekusalimia kwa adabu namna ile, utampitaje?

Niliinuka nikaisogelea pakiti. Pale penye unga, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa ukucha. Alikuwa amejaribu kuufuta ule unga wao, amwachie mwanawe mikono yake.

Nikarudi mjini nimenuna. Nikajiambia huyu ni mama mzee mwenye huzuni, hajui kwamba ametendewa ubaya, na kazi yangu ni kumpigania hata kama hataki. Siku ile niliiona hoja hiyo kuwa nzuri sana.

Kikao kilifanyika ukumbini, hapahapa Sumbawanga. Waheshimiwa walikaa mbele mezani na makoti yao hawakuyavua, kwa sababu baridi yetu haiulizi cheo. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti ya kufundishia darasa. Pembeni yake aliketi mbunge mmoja wa kutoka pwani, mchangamfu, aliyekuwa akijipulizia vidole. Alianza mwalimu wa kwaya, akaeleza jinsi nyimbo anazotunga kwa jasho zinavyoingizwa kwenye simu za watu vibandani kabla hata kwaya yake haijazizoea. Alizungumza vizuri, tukampigia makofi.

Ikafika zamu yangu. Nilipokuwa naelekea mbele ndipo nilipomwona mama mkwe. Alikuwa amekaa viti vya nyuma kabisa, na kitenge chake cha kanisani, kilemba kimefungwa kwa nguvu. Alikuwa amepanda gari la asubuhi kutoka Mpui bila kumwambia mtu. Tukaangaliana, nikajua hakuja kunipigia makofi.

Nilisema niliyokuja kusema. Niliinua picha halisi mkono mmoja na pakiti mkono mwingine. Nikawaambia waheshimiwa kwamba sisi watu wa mikoani kazi zetu zinachukuliwa kama nyasi za kando ya barabara, kila mwenye ng'ombe analisha. Nikawaomba adhabu ziwe kali. Nikaomba pawe na mahali hapahapa mkoani pa kupeleka malalamiko, ili mtu asilazimike kufunga kazi yake na kusafiri kwenda kudai kilicho chake. Sauti yangu ilikuwa inapanda yenyewe, na nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye kuondoa picha madukani, mbunge wa pwani aliponyoosha mkono.

"Samahani, mzee wangu," akasema. "Pole sana kwa msiba. Nataka kuelewa kitu kimoja. Kwenye picha yako halisi, kabla ya huo unga, mama alikuwa ameshika nini?"

"Hakuwa ameshika kitu, mheshimiwa."

"Sasa mikono amekaa nayo hivyo kwa nini?"

"Alikuwa anasalimia."

Akatazama tena picha, akatikisa kichwa. Si kwamba alikuwa na dharau, hakuona tu. Nikaanza kumweleza kwa maneno, viganja, kuchuchumaa, nini kinafuata nini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichanganya. Basi kutoka nyuma ya ukumbi ikasikika sauti ile nzito ya chini ya makofi. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye kiti chake, amechuchumaa kwenye njia ya katikati, anawasalimia waheshimiwa.

Na ukumbi mzima ukaitikia. Hakuna aliyepanga. Wakulima, wanakwaya, wapiga picha, mafundi, hata askari wa mlangoni, kila mmoja alikunja viganja pale alipo, na jengo likajaa mlio ule wa viganja vilivyokunjwa. Nami nikajikuta nimechuchumaa kando ya kipaza sauti, pakiti iko sakafuni. Mbunge wa pwani alishusha mikono aliyokuwa akiipuliza.

"Mama ni nani?" akauliza mwenyekiti.

"Mama yake marehemu," nikajibu.

"Mama, karibu mbele. Una neno?"

Alikuwa nalo. Alikuja hadi mezani na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliomba aseme kwa Kifipa. Mwenyekiti akaniomba nimtafsirie. Hivyo nikasimama pale, kwenye kikao nilichokisubiri kwa hamu, kutafsiri maneno ya mtu aliyekuja kunipinga.

"Mkwe wangu anasema picha ni yake kwa sababu aliipiga," alisema, nami nikatafsiri. "Hilo silikatai, kifaa ni chake na amekisomea. Lakini muulizeni, mwanangu siku ile alikuwa anamsalimia nani? Si yeye. Alikuwa ananisalimia mimi. Yeye alikuwa amekaa njiani tu."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa kweli tupu, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kazi yangu vizuri namna hiyo.

Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe. "Mama," akasema, "sheria inamtambua mpiga picha. Lakini nakusikia. Naomba nikuulize swali. Kama wale watu wa unga wangekuja kwako mwanzoni, kabla ya kumweka kwenye pakiti, wakaomba ruhusa, ungekubali?"

Nilimtafsiria swali nikiwa na uhakika wa jibu lake. Nilishamwona jikoni. Nilikuwa nimeanza kufungua kinywa niseme ndiyo.

"Ningekataa," alisema mama mkwe.

Nikamwangalia. Akanifanyia ishara ya kidevu, tafsiri. Nikatafsiri.

"Ningekataa palepale mlangoni, hata kiti nisingewapa. Nani anampeleka mwanawe aliyekufa dukani? Lakini hawakuja. Walimleta tu, nikamkuta kwenye rafu amechuchumaa, peke yake katikati ya sabuni. Ningemwacha? Nikamnunua nikaenda naye nyumbani. Nimemzoea. Sasa mkwe wangu anataka mumwondoe, na ana haki, lakini mimi nitakuwa nimezika mara ya pili. Wangekuja wakaniuliza, ningesema hapana mara moja, na maziko haya ya pili yasingekuwepo."

Sehemu ile ya mwisho sikuweza kuitafsiri. Mwalimu wa kwaya alisimama kwenye kiti chake akaimalizia kwa Kiswahili, polepole.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimeandaa mengi kuhusu faini na vifungo. Yote yakanitoka kichwani, wala sikuyatafuta. Nilisema tu kwamba naomba sheria imlazimishe mtu kubisha hodi kabla ya kuingia, na isimwachie aliyeibiwa kazi ya kumfuata mwizi. Nikasema mtu akishachukua bila kuuliza, hata ukimnyang'anya, kuna kitu hakirudi tena. Nikashukuru, nikakaa. Wenzangu walisema baadaye kwamba nilizungumza kwa kifupi kuliko siku yoyote waliyonijua, na kwamba walitamani nizibwe mdomo mara kwa mara.

Nilimsindikiza mama mkwe stendi. Alikubali nimbebee mkoba, akakataa soda.

Habari za kikao zilitembea. Sijui nani aliwafikishia watu wa unga, labda zile simu zilizokuwa zikirekodi ukumbini. Sheria yenyewe bado ilikuwa inazungumzwa huko juu, na mambo ya huko juu hayana haraka. Ila siku moja, masika yameanza na matope yamejaa mlangoni kwa studio, nikapigiwa simu na dada mmoja wa kampuni ile. Sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu. Alisema wamekosea, kwamba walipaswa kuuliza na hawakuuliza. Walikuwa karibu kuchapa pakiti mpya, na sasa wanaomba. Wangetulipa kama inavyostahili, na wangeondoa unga, mikono iwe kama ilivyokuwa. Ila kama tungekataa wangeitoa picha kabisa na kukusanya pakiti zilizobaki madukani.

Kisheria ningeweza kumjibu palepale. Nilimwambia anipe muda, nikapanda gari kwenda Mpui.

Mama mkwe alikuwa ametoka shambani, miguu ina udongo hadi magotini. Alinawa, akakaa, akanisikiliza hadi mwisho.

"Walimtuma nani?" akauliza.

"Dada mmoja, amepiga simu."

"Alisemaje? Sema alivyosema yeye."

"Alisema, tunaomba."

"Alisema tunaomba?"

"Ndiyo, mama. Tunaomba ruhusa ya mama na yako."

Kisha akainuka akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia makofi yake, yale ya chini. Nilisikia pia anazungumza, lakini si maneno ya mimi kuyasikiliza, kwa hiyo nikatazama barabara na malori yanayopita kuelekea Tunduma. Moyoni nilikuwa nimeshapanga majibu. Nilikuwa nimeamua kukubali, kwa ajili yake. Baada ya kelele zote zile, nilikuwa tayari mke wangu abaki madukani maisha, mradi mama huyu awe na wa kumwamsha asubuhi.

Akatoka.

"Waambie hapana."

Nikadhani sikumwelewa. Nikaanza, mimi yuleyule wa ukumbini, kuwatetea watu wa unga. "Mama, wataondoa unga. Mikono itabaki mitupu kama siku ile. Atakuwa anakusalimia wewe tu."

"Nimesikia, baba. Waambie hapana." Alikaa kwenye kigoda chake, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge bila kuficha. "Kila siku anachuchumaa mbele ya watu asiowajua. Wanamkata kwa mkasi, wanamwaga unga, wanamtupa jalalani. Unafikiri sikuwa nayaona? Nilikuwa namwitikia ili asijione amepuuzwa, kwa sababu sikuwa na lingine la kumfanyia. Leo nimeulizwa. Mtu akiulizwa ndipo anaweza kumtunza mwanawe. Mwacheni akapumzike."

Nikatoa simu nikamwandikia yule dada kwamba tumekataa. Neno hilo ndilo nililolipigania mbele ya wabunge, na sasa vidole vyangu havikutaka kuliandika. Nilipolituma nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nilidhani atainuka aniachie nafasi, kama adabu inavyotaka. Akasogeza kigoda chake hadi karibu na changu, akakaa kusubiri nimalize.